Tiketi Zimeuzwa, Faida Haionekani: Maswali Yenu Kuhusu Hesabu za Hollywood

Barua za mwezi huu zimezunguka jambo moja: filamu za Marekani zinazojaza majumba ya sinema halafu zinasemekana hazikupata faida. Barua zilizouliza kitu kilekile tumeziunganisha.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba filamu ya Harry Potter and the Order of the Phoenix ya mwaka 2007 ilikusanya zaidi ya dola milioni 930 duniani, lakini karatasi ya hesabu iliyovuja mwaka 2010 ilionyesha hasara ya takriban dola milioni 167. Huu si wizi? (Mwalimu wa biashara)

Kisheria, mara nyingi si wizi, na hapo ndipo penye uchungu. Wizi ni kile alichofanya David Begelman, mkuu wa studio ya Columbia, aliyegundulika mwaka 1977 kuwa alighushi hundi ya dola 10,000 iliyoandikwa jina la mwigizaji Cliff Robertson. Pale kulikuwa na saini ya uongo. Karatasi uliyoisoma ni kitu kingine. Ni taarifa ya mgawo, yaani hesabu inayoandaliwa kwa ajili ya mtu aliyeahidiwa asilimia ya "faida halisi", na inafuata fomula iliyomo kwenye mkataba.

Studio ina vitabu zaidi ya kimoja, na jambo hilo halifichwi. Kuna kitabu cha wenye hisa, kinachofuata kanuni za uhasibu za Marekani: gharama ya filamu husambazwa kulingana na mapato yanayotarajiwa, kwa kawaida ndani ya miaka 10 tangu filamu itoke. Kuna kitabu cha kodi. Cha tatu ndicho hiki cha mgawo. Filamu moja inaweza kuwa na faida nono katika kitabu cha kwanza na hasara katika cha tatu, na mhasibu aliyeandika vyote viwili asiwe amedanganya tarakimu hata moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku daftari lipo, limeandikwa vizuri, na mali inapotea humohumo ndani ya daftari. "Faida halisi" ya mkataba wa filamu haina undugu na faida unayoifundisha darasani. Ni jina lililobandikwa juu ya kurasa kadhaa za makato. Katika karatasi ile ya filamu ya 2007, ada ya usambazaji peke yake ilikuwa takriban dola milioni 212, na riba zaidi ya dola milioni 57. Ada hiyo ilitozwa na Warner Bros., yaani studio ileile iliyotengeneza filamu.

Nionyesheni hesabu yenyewe, hatua kwa hatua. Maneno matupu yamenichosha. (Mwanafunzi wa uhasibu)

Haya. Tuchukue filamu ya mfano iliyogharimu dola milioni 50 kutengeneza na kuuza tiketi za dola milioni 200: nusu Marekani na Kanada, nusu nchi nyingine. Tarakimu ni zetu, lakini viwango vya makato ni vile vilivyozoeleka katika mikataba ya studio kubwa.

Kwanza, majumba ya sinema hubaki na sehemu yao. Tukisema yanarudisha asilimia 50 nyumbani na 40 nje, studio inapokea milioni 50 na milioni 40. Televisheni inalipa milioni 30. Video za nyumbani zinauzwa kwa jumla milioni 50, na hapa simama kidogo. Kwa desturi iliyoanza enzi za kaseti, ni asilimia 20 tu ya mauzo ya video inayoingizwa kwenye hesabu ya mgawo. Asilimia 80 inabaki kwa kitengo cha video, ambacho mara nyingi ni mali ya studio hiyohiyo. Basi katika milioni 50, zinaingia 10. Mapato ghafi ya mkataba ni 50 + 40 + 30 + 10, yaani milioni 130.

Pili, ada ya usambazaji. Asilimia 30 ya mapato ya nyumbani ni milioni 15. Asilimia 40 ya mapato ya nje ni milioni 16. Asilimia 35 ya televisheni ni milioni 10.5, na asilimia 30 ya video ni milioni 3. Jumla milioni 44.5. Ada hii haiangalii kazi ya kusambaza iligharimu kiasi gani. Inakatwa juu kabisa, kabla ya gharama yoyote. Zimebaki milioni 85.5.

Tatu, gharama za usambazaji, ambazo ni nje ya ada. Matangazo milioni 45, na juu yake nyongeza ya asilimia 10 kwa "uendeshaji wa idara ya matangazo", milioni 4.5. Nakala za filamu, kodi, usafirishaji na malipo ya vyama vya wafanyakazi, milioni 8. Jumla milioni 57.5. Zimebaki milioni 28.

Nne, gharama ya utengenezaji. Milioni 50, na asilimia 15 ya gharama za uendeshaji wa studio, inakuwa 57.5. Nyota wa filamu ana mgawo wa asilimia 10 ya mapato ghafi, milioni 13, na mkataba unaruhusu malipo hayo yaingizwe kwenye gharama ya utengenezaji. Kwa hiyo nayo yanapakwa asilimia 15 na kuwa milioni 14.95. Mwisho ni riba: asilimia 10 kwa mwaka, miaka miwili, juu ya zile 57.5, ni milioni 11.5. Jumla ya kundi hili ni milioni 83.95.

28 toa 83.95. Filamu yetu ina "hasara" ya milioni 55.95. Mwandishi wa mswada mwenye asilimia 5 ya faida halisi anapata sifuri.

Sasa tufuate pesa taslimu. Studio imepokea 90 za sinema, 30 za televisheni na 50 zote za video, jumla milioni 170. Imetoa 50 za utengenezaji, 45 za matangazo, 8 za nakala na kodi, na 13 za nyota. Ongeza 10 za kutengeneza na kufungasha video, 12 za ofisi za usambazaji, na 5 za riba iliyolipwa benki kweli. Jumla milioni 143. Imebaki na milioni 27 mkononi.

Wengi husema, ngoja, marudio ya televisheni yataifuta hasara hiyo. Angalia riba. Asilimia 10 ya milioni 55.95 ni karibu milioni 5.6 kila mwaka. Katika kila dola mpya ya televisheni, senti 35 ni ada na senti 11.5 ni mgawo wa nyota pamoja na nyongeza yake; zinabaki senti 53.5. Filamu inahitaji mapato mapya ya karibu milioni 10.5 kila mwaka ili hasara isiongezeke, na filamu yenye miaka mitano ni nadra kuleta kiasi hicho. Riba hulipwa kwanza, gharama baadaye, kwa hiyo deni lenyewe haliguswi. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Hiyo asilimia 15 ya uendeshaji inalipia nini hasa? (Fundi wa sauti)

Kwa maelezo ya studio, inalipia majengo, ulinzi, wanasheria, wahasibu, na hasara za miradi iliyokufa kabla ya kupigwa picha. Gharama hizo zipo. Shida ni kwamba kiwango hakijafungwa kwenye gharama halisi. Filamu iliyopigwa picha yote jangwani, kwa vifaa vya kukodi, bila mtu kukanyaga kiwanja cha studio, inatozwa asilimia 15 ileile. Na filamu ikivuka bajeti kwa uzembe wa studio, tozo nayo inapanda.

Baya zaidi ni kupandishana. Uendeshaji unatozwa juu ya malipo ya nyota, riba inatozwa juu ya uendeshaji, na katika baadhi ya mikataba uendeshaji unatozwa juu ya posho ambayo studio imempa nyota kuendesha ofisi yake. Ukikagua taarifa yoyote, anza hapo: tafuta asilimia iliyotozwa juu ya asilimia nyingine.

Art Buchwald aliishinda Paramount mahakamani. Kwa nini basi mambo hayakubadilika? (Mwanasheria kijana)

Tukumbushe wasomaji wengine. Buchwald, mwandishi wa safu za magazeti, na mtayarishaji Alain Bernheim walidai kwamba Coming to America ya mwaka 1988, aliyoigiza Eddie Murphy, ilitokana na wazo ambalo Buchwald aliiuzia Paramount. Mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles ilikubali. Studio ikajibu kwamba hata hivyo hakuna faida halisi ya kugawana, ingawa filamu ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola. Katika hatua iliyofuata, Jaji Harvey Schneider alivipitia vifungu vya fomula na kutamka kwamba kadhaa ni vya kikandamizaji kiasi cha kutokubalika kisheria. Miongoni mwake vilikuwa asilimia 15 ya uendeshaji na asilimia 10 ya matangazo zisizolingana na gharama halisi, riba juu ya uendeshaji, na riba juu ya mgawo wa washiriki wengine. Mwaka 1992 Buchwald alipewa dola 150,000 na Bernheim dola 750,000.

Lakini hiyo ilikuwa hukumu ya mahakama ya ngazi ya chini, na shauri likamalizwa kwa makubaliano kabla rufaa haijaamuliwa. Hukumu ya namna hiyo haiwafungi majaji wengine. Mwaka 1994 jaji mwingine wa Los Angeles, katika shauri la watayarishaji wawili wa Batman ya mwaka 1989 dhidi ya Warner Bros., aliukataa mlango huohuo: mkataba wao, alisema, haukuwa wa kikandamizaji kwa kipimo cha sheria. Walikuwa watu wa biashara, walikuwa na wakili, walisaini.

Kilichobadilika ni majina. Mikataba mingi iliacha neno "faida halisi" na kuweka "mapato halisi" yenye ufafanuzi wake, au inasema waziwazi kwamba neno hilo halina maana yake ya kawaida na kwamba mshiriki anakiri huenda asipate kitu. Fomula imebaki ileile. Sisi tunaona huu ni ushindi wa wanasheria wa studio, na msomaji anayesubiri mahakama imwokoe anapaswa kuujua kabla hajasaini.

Kuna tofauti gani kati ya mgawo wa ghafi na wa faida halisi? (Mwigizaji wa jukwaani)

Mgawo wa ghafi unahesabiwa juu ya fedha zinazoingia studio, kabla ya ada na gharama, au baada ya makato machache sana. Wanaopewa ni nyota na waongozaji wachache ambao jina lao peke yake linauza tiketi. Katikati kuna ngazi nyingi: ghafi baada ya studio kurejesha gharama zake, ghafi yenye ada iliyopunguzwa, na kadhalika. Chini kabisa ndiyo faida halisi, ambayo pointi zake, yaani asilimia zake, Eddie Murphy aliziita "pointi za nyani".

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1950 ajenti Lew Wasserman alimwombea James Stewart asilimia ya faida badala ya mshahara wake wa kawaida katika Winchester '73, na asilimia hiyo ilimtajirisha. Neno lilikuwa bado na nyama.

Jambo ambalo watu wa chini hawaambiwi ni kwamba migawo ya ghafi ya wakubwa huwekwa kwenye gharama, kama ulivyoona katika hesabu yetu. Kila nyota wa ghafi anayeongezwa anaisogeza mbali zaidi siku ya faida halisi. Winston Groom, aliyeandika riwaya ya Forrest Gump, alikuwa na asilimia 3 ya faida halisi ya filamu ya mwaka 1994. Filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 600, mwigizaji mkuu na mwongozaji walilipwa kwa ghafi, na kwenye taarifa aliyopelekewa Groom filamu ilikuwa bado kwenye hasara.

Malipo ya marudio ya chama cha waandishi nayo yanaliwa na fomula hii? (Mwandishi wa miswada)

Hapana. Hayo yamewekwa na mkataba wa chama na yanahesabiwa juu ya mapato ya msambazaji, si juu ya faida. Filamu ya sinema ikiuzwa televisheni, kwa mfano, fungu la waandishi ni asilimia 1.2 ya mapato hayo, filamu iwe na "hasara" au la. Kwenye video, hata hivyo, ile asilimia 20 inakukuta tena, kwa sababu ndiyo msingi wa hesabu.

Siku hizi studio, kituo cha televisheni na mtandao wa kutazamia ni vya tajiri mmoja. Bei inapangwaje? (Mtayarishaji wa vipindi)

Hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipo sasa. Studio inapomuuzia kipindi mnunuzi wa nje, kila upande unavutana. Inapomuuzia kampuni dada, muuzaji na mnunuzi wana mfuko mmoja, na bei ikishuka anayeumia ni mwenye mgawo peke yake. Mwaka 2019 mwamuzi wa usuluhishi aliiamuru Fox kuwalipa washiriki wa mfululizo wa Bones takriban dola milioni 179, akiona kwamba haki ziliuziwa kampuni za familia moja kwa bei isiyo ya soko. Sehemu ya adhabu, takriban milioni 128, ilifutwa baadaye na jaji kwa sababu mkataba haukuruhusu adhabu, kisha pande zikapatana. Mwaka 2021 AMC ilikubali kulipa dola milioni 200 kumaliza madai ya Frank Darabont na ajensi yake kuhusu The Walking Dead, ambayo kampuni hiyo iliitengeneza na kuirusha yenyewe.

Ndugu yake na huo ni uuzaji wa kifurushi. Filamu 20 zinauzwa kwa kituo kimoja kwa bei moja ya jumla, halafu studio inagawa: kiasi gani ni cha filamu hii, kiasi gani cha ile. Wakigawa sawa kwa sawa, filamu iliyovuma inazibeba zilizokufa. Fedha hazikupotea, zimehamishiwa kwenye filamu ambazo hazina washiriki wa kulipwa, au ziko mbali sana na faida.

Nina haki ya kukagua hesabu. Nianzie wapi? (Msomaji mwenye asilimia 2)

Anza na kalenda. Mikataba mingi inasema taarifa isiyopingwa kwa maandishi ndani ya miezi 24 inakuwa ya mwisho, na haki yako ya kuihoji inakufa. Taarifa huja kila robo mwaka mwanzoni, kisha kila nusu mwaka, kisha mara moja kwa mwaka. Weka tarehe ya kupokea kila moja. Foleni ya wakaguzi inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo mwambie wakili aombe makubaliano ya kusimamisha muda huku ukisubiri zamu yako. Walioshindwa hapa ni wengi kuliko walioshindwa mahakamani.

Gharama ya mkaguzi ni yako, na inaweza kuzidi unachodai. Watafute washiriki wengine wa filamu hiyo mchangie mkaguzi mmoja, awe mzoefu wa migawo ya filamu. Mhasibu wa kawaida atathibitisha kwamba jumla zinakubaliana na kwenda zake. Mwelekeze kwenye punguzo la wingi ambalo studio ilipata kwa wauzaji wa matangazo bila kulirudisha kwenye filamu. Aangalie kodi za nje zilizokatwa kama gharama wakati studio imezifidia kwenye kodi yake ya Marekani, ruzuku za majimbo ambazo hazikupunguzwa kwenye gharama ya utengenezaji, ankara za filamu nyingine zilizoangukia kwenye yako, na tarehe za kuingiza mapato, kwani mwezi mmoja wa kuchelewa ni mwezi mmoja wa riba.

Ujue na mpaka wake. Mkaguzi anapima kama fomula imefuatwa, hapimi kama ina haki. Na mkataba kwa kawaida unamruhusu kuona vitabu vya filamu yako tu, hivyo ugawaji wa kifurushi hawezi kuulinganisha na filamu za jirani mpaka mfike mbele ya mwamuzi.

Studio inataka kununua mswada wangu na kunipa asilimia 5 ya faida halisi. Niombe nini? (Mwandishi wa mara ya kwanza)

Chukua asilimia hizo, lakini zihesabu kuwa sifuri unapoamua kama bei ya mswada inakutosha. Nguvu yako yote iweke kwenye fedha ya mwanzo na kwenye bonasi za tiketi: kiasi maalumu kinacholipwa mapato ya sinema yakifika mara 2.5 ya gharama ya utengenezaji, kingine yakifika mara 3, na kuendelea. Gharama hiyo iandikwe kwa tarakimu ndani ya mkataba. Mapato ya sinema hutangazwa kila wiki na mtu yeyote anayaona. Hakuna ada wala riba ya kuyapunguza.

Ukiwa na nafasi ya kusukuma zaidi, omba riba isitozwe juu ya uendeshaji, uendeshaji usitozwe juu ya migawo ya wengine, nyongeza ya matangazo iondolewe, video iingizwe kwa zaidi ya asilimia 20, na mauzo kwa kampuni dada yawe kwa bei ambayo mnunuzi wa nje angelipa. Omba pia ufafanuzi wako usiwe mbaya kuliko wa mshiriki mwingine yeyote wa faida halisi. Sentensi hiyo moja inakupa matunda ya mabishano ya mawakili wenye nguvu kuliko wako.

Na soma makubaliano mafupi yanayotangulia mkataba. Mara nyingi yana ukurasa mmoja au miwili, na ndani yake mstari unaosema faida halisi itahesabiwa "kwa ufafanuzi wa kawaida wa studio". Ufafanuzi huo ni kiambatisho kirefu kinachoweza kufika miezi kadhaa baadaye, umeshakabidhi rasimu ya kwanza na huna tena cha kushikilia. Kiombe kwa maandishi kabla ya kusaini ukurasa huo wa kwanza, na usikabidhi rasimu mpaka wakili wako awe amekisoma.